Ovakado za Mama Chris

Gakindu, Mukurweini
Jumatano, 7 Februari 2024

Mpendwa Mama Chris,

Bwana asifiwe. Sisi huku tuzima, ni jua tu linatuchoma, hata kahawa imekunja majani kama mtu aliyenuna. Natumaini wewe na Chris na Sheila mke wake mko salama huko Kerugoya.

Hezekiah anapita kesho na pikapu yake akija huko kwenu, kwa hivyo nimekaa hapa jikoni nikuandikie. Peterson amenicheka. Ati, "Mama, siku hizi nani bado anaandika barua?" Nikamwambia ni mimi, kwa sababu rafiki yangu masikio yalikufa, na kwa simu mdomo wa mtu hauonekani. Hajui kwamba hata ungekuwa unasikia kama paka, bado ningekuandikia. Kwa simu mtu anaongea kama anakimbizwa.

Katoni imejaa ovakado za ule mti wetu. Nimezichuma mapema kwa sababu ya upepo, bado ni ngumu kama mawe. Zifukie ndani ya unga wa mahindi na uziache. Usizibonyeze kila saa kama ulivyokuwa ukifanya Majengo. Baada ya wiki moja hivi zitaiva.

Nikisema Majengo, unakumbuka ule ukuta wa mabati kati ya chumba changu na chako? Ukigeuza mwiko nilikuwa nasikia. Nikikohoa unauliza hapo hapo, "Mama Peterson, umekunywa dawa?" Kuna ile jioni hatukuwa na mboga, hatukuwa na mafuta, tulikuwa na ugali na ovakado moja kubwa ya kutoka sokoni. Chris wako alikuwa ndiyo ameanza kuonja chakula, hana hata meno mawili. Tukampondea tunda kwa kijiko, akala mpaka masikio yakawa ya kijani. Halafu bwana yako Oloo akaingia na lile koti lake la polisi, akanusa hewa, akasema, "Leo mmepika nini ninyi wanawake, mbona hakunuki?" Tulicheka mpaka Mama Halima wa chumba cha mbele akagonga kwa ufagio, kwamba watu wanataka kuswali.

Ile mbegu wewe ndiye uliiweka kwenye mkebe dirishani. Tulipohamia huku shamba la baba mkwe, nilibeba huo mkebe magotini njia yote, na Kingori wangu akabeba mtoto. Leo mti umepita paa la nyumba.

Sasa nikuambie jambo. Peterson ameleta fundi wa kupandikiza miti. Ile ovakado yetu ya kienyeji wanunuzi hawaitaki tena, wanataka Hass, ile ndogo ya ngozi nyeusi. Wamemaliza miti yote ya chini, wanaikata shingo na kuifungia vichipukizi vya Hass. Umebaki mti wetu. Nimemwambia Peterson, huo hauguswi, una mwenyewe. Akaniuliza, mwenyewe ni nani? Nikasema ni Mama Chris, na anakula matunda yake yote. Fundi anarudi mvua ikianza.

Kula, basi. Nisalimie Sheila.

Ni mimi rafiki yako,
Watiri (Mama Peterson)

*

Kerugoya
Jumamosi, 10 Februari 2024

Kwa Mama Peterson wangu,

Amina, Bwana asifiwe kabisa. Barua nimepata na katoni nimepata. Nimecheka peke yangu hadi Chris akauliza kwa mkono, nini? Nikamwonyesha pale pa masikio ya kijani. Mwalimu mzima, ameona haya.

Ovakado zilikuwa tamu sana. Tulizila jana jioni na githeri, laini kama siagi. Asante, Mungu akuongezee. Mti wetu usikatwe, tafadhali.

Mimi niko sawa, ni presha tu. Tangu Novemba imekataa kushuka. Daktari alisema nipunguze chumvi na mafuta. Sheila anapika chakula bila chumvi kabisa, ananipikia kama mgonjwa wa hospitali, maskini mtoto wa watu, na bado anafika kazini mapema. Ameninunulia pia sosi ya chupa ya kumwagia saladi. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina mafuta hata tone. Kabeji mbichi ikiogelea humo unaweza kula sahani mbili. Mimi sikujua majani yanaweza kuwa matamu hivyo.

Kwenye katoni nimekuwekea mchele wa Mwea. Uoshe mara mbili.

Nakukumbuka sana. Hapa kuta ni za mawe. Hata ningekuwa na masikio, singesikia jirani akikohoa.

Dada yako katika Kristo,
Nduku

*

Gakindu
Jumatano, 14 Februari 2024

Mama Chris,

Mchele umefika. Asante. Sasa nikuulize kitu, na unijibu kama mtu aliyeokoka.

Ovakado nilituma Alhamisi, ngumu kama mawe. Niliigonga moja kwenye meza ikalia kama mlango. Wewe Ijumaa jioni ulizila na githeri, laini kama siagi. Ulizichemsha?

Nduku, tumejuana zaidi ya miaka thelathini. Wewe huwezi kudanganya, hukufundishwa. Siku ile ulipovunja birika langu ulilificha chini ya kitanda changu mwenyewe! Sema ukweli: ovakado zangu zinaenda wapi?

Ama nikuambie mimi. Ni huyo msichana. Amesoma, anafanya kazi supamaketi, ameona ovakado ni chakula cha shamba, kina mafuta, akakukataza. Ndiyo kwa maana anakumwagia sosi. Simkosei heshima, lakini mtoto wa juzi atanifundisha mimi ovakado? Bwana yake alilelewa na hiyo ovakado! Muulize Chris alikula nini ule mwaka Oloo alihamishiwa mpakani na mshahara ukachelewa. Ulikuwa umekonda mpaka maziwa yakakauka, ukakaa mlangoni kwangu. Hukusema, lakini niliona. Tukaponda ovakado, asubuhi na jioni. Dada wa kliniki alimpima Chris akasema, "Mama, huyu unamlisha nini?" Nawe ukanitazama mimi.

Nitumie hiyo chupa. Ikiisha, uioshe, uitie kwenye katoni. Nataka kuiona kwa macho yangu.

Watiri

*

Kerugoya
Jumamosi, 24 Februari 2024

Mama Peterson,

Umenishika kama mwizi wa kuku. Nisamehe. Ni kweli sikuzila. Niliwapa watoto wa Mama Koome hapa jirani, wakafurahi sana.

Lakini usimseme Sheila. Nakuomba kwa jina la Yesu. Sheila hajanikataza kitu. Huyo mtoto amebeba mengi ambayo hayaonekani. Mwaka jana mimba ilitoka, ikawa ni ya pili, na aliamka siku ya tatu akaenda kazini kama mtu aliyekuwa na mafua tu. Hajawahi kunijibu vibaya. Jioni ananikalisha mbele yake, anasema polepole ili nisome mdomo, ananieleza habari zote za kazini hata zile hazina maana. Watu wengine wakijua mtu hasikii wanaacha kumwongelesha.

Mimi tu ndiye nimeacha ovakado kwa muda. Ni mambo yangu. Tuseme ni hayo mafuta, daktari alisema mafuta. Usiniulize zaidi.

Chupa hii hapa. Tuliimaliza kwa wiki moja, tumefungua nyingine. Usinicheke.

Nduku

*

Gakindu
Jumatano, 6 Machi 2024

Mama Chris,

Salamu katika Bwana. Pole kwa Sheila. Nilikuwa sijui, na maneno yangu nayarudisha. Nimemweka kwenye maombi ya akina mama bila kutaja jina lake.

Lakini chupa sikuisamehe. Nilivaa miwani ya marehemu Kingori nikasoma yale maandishi ya nyuma, madogo kama mayai ya chawa. Sikuelewa vizuri. Basi siku ya soko nikapita kwa zahanati. Kuna dada mmoja wa lishe anaitwa Maurine, mtu wa Magharibi, mcheshi sana. Nikaweka chupa mezani upande huu, na ovakado upande huu. Akaniuliza, "Mama, umeleta kesi?" Nikamwambia ndiyo, hukumu iko kwako.

Akasoma chupa. Akasema hawajadanganya, mafuta hakuna. Lakini mtu akiondoa mafuta kwenye sosi inabaki kama maji ya kuosha mchele, kwa hivyo wanatia sukari na chumvi ili ulimi usijue. Vijiko viwili vya hiyo sosi viko na sukari zaidi ya kijiko cha chai. Chumvi nayo imo ya kutosha, na akaniuliza wewe unamwaga vijiko vingapi. Nikamwambia kabeji yako inaogelea. Aliweka mkono kichwani.

Sasa ovakado. Usidhani nilishinda kesi moja kwa moja. Alisema mafuta yamejaa humo, mengi kabisa, hata mimi nilishtuka. Ukilinganisha tu mafuta, chupa inashinda. Ila mafuta yenyewe mengi ni ya aina isiyoziba mishipa. Sukari karibu hakuna, chumvi karibu hakuna. Kuna zile nyuzi za kusafisha tumbo, na kuna madini yanaitwa potasiamu ambayo husaidia mwili kutoa chumvi. Nikasema, "Basi ale mbili kwa siku!" Akanikemea. Nusu inatosha, kwa sababu inashibisha na kunenepesha, na mtu mwenye presha aulize daktari wake kwanza kama figo ziko sawa. Alisema pia sosi si sumu. Hata majani yanataka mafuta kidogo ndiyo mwili upokee vitamini zake. Ni hiyo chumvi tu, kwa mtu kama wewe.

Kwa hivyo unaona? Unakula bila chumvi sufuriani, halafu unaimwaga kutoka kwa chupa. Acha hiyo kitu, Nduku. Rudi kwa tunda lako.

Na sasa nataka jibu. Mawingu yameanza kukaa Nyandarua, fundi atakuja wiki mbili hizi. Nimesimama mbele ya huo mti kama askari, Peterson amenuna, haongei na mimi mezani. Ana haki, ni yeye anayelima. Kama unakula, mti nitaulinda hadi nife. Kama huli, niambie sababu. Usiniambie mafuta, sasa nimejua habari ya mafuta.

Watiri

*

Kerugoya
Jumamosi, 9 Machi 2024

Mama Peterson,

Barua nimesoma. Kwa sasa siwezi kula, na sababu siwezi kusema. Sosi nitapunguza, lakini sahani bila kitu ni ngumu, na Sheila anafurahi nikila.

Usigombane na Peterson kwa ajili yangu. Mti ukatwe.

Nduku

*

Gakindu
Jumatano, 20 Machi 2024

Mama Chris,

Mvua imeanza. Fundi alikuja jana.

Nilikaa jikoni mlango umefungwa, lakini msumeno haufungiwi mlango. Matawi yalianguka na matunda yake, mengine bado madogo kama yai la kanga. Akina mama wa kanisa walipita wakabeba matawi ya kuni.

Sina zaidi. Katoni nimeibakisha, hakuna cha kutia.

Watiri

*

Kerugoya
Jumamosi, 13 Aprili 2024

Kwa Mama Peterson,

Shikamoo Mama. Mimi ni Sheila, mke wa Chris. Hatujawahi kuandikiana na Kiswahili changu cha kuandika si kizuri, lakini nimeona wewe ndiye unafaa kujua.

Mama aliugua. Jumapili ya Pasaka alisimama kanisani kuimba akaanguka. Presha ilikuwa juu sana. Alilazwa wiki moja, sasa yuko nyumbani, anatembea, anaongea vizuri. Daktari amesema Mungu alituonea huruma, ikirudia inaweza kuwa kiharusi. Aliuliza anakula nini, nami nikajisifu: hakuna chumvi, hakuna mafuta, anakula saladi kila siku. Akaniuliza saladi na nini. Nikamwambia sosi. Akaniambia nilete chupa.

Mama, nilikuwa ninaipanga hiyo chupa kwenye rafu kwa mikono yangu kila wiki, na sikuwahi kuigeuza nyuma. Nilisoma yale maandishi makubwa ya mbele tu. Nilipotafuta nguo zake za hospitali nikakuta barua yako ya Machi chini ya mto. Nisamehe, niliisoma. Ulikuwa umetuambia yote mwezi mzima mbele. Nililia kwenye choo cha hospitali kama mtoto.

Sasa nataka nikueleze kwa nini nilinunua sosi, na kwa nini Mama hagusi ovakado. Yeye anafikiri sijui.

Mama huomba saa kumi na moja alfajiri. Anafikiri anaomba kimya kimya, moyoni, kama zamani. Lakini hasikii sauti yake. Mama akiomba, sisi chumbani tunasikia, na Mama Koome wa pale juu anasikia. Hakuna hata mmoja wetu amewahi kumwambia. Oktoba, baada ya ile mimba ya pili kutoka, nilikuwa nimelala macho wazi nikamsikia anasema: "Baba, mtoto wangu nilimlea kwa ovakado wakati sikuwa na kitu. Sasa nakupa hiyo ovakado. Sitaionja tena mpaka nimshike mtoto wa Sheila mkononi. Na usiniruhusu nimwambie, asije akadhani namharakisha."

Kila asubuhi anairudia. Akishamaliza mimi ndiyo naamka. Kuna siku nisingeamka kama singesikia hiyo sauti.

Kwa hivyo nilipomwona anagawa ovakado zako na kukaa mbele ya kabeji kavu, roho iliniuma. Singeweza kumwambia kula, angejua nimesikia. Nikatafuta kitu cha kuifanya hiyo kabeji iwe tamu. Ni hiyo tu, Mama. Nilitaka aone utamu kidogo akiwa anafunga kwa ajili yangu.

Daktari amesema figo ziko sawa na nusu ovakado kwa siku ingemfaa. Tumemwandikia kwenye karatasi, akasoma, akakunja, akasema, "Si sasa." Chris amemsihi. Amekataa. Mimi naogopa. Wewe ndiye anakusikia, hata bila masikio.

Ombi moja. Tafadhali usimwambie kwamba tunasikia. Akijua ataanza kuomba amefunga mdomo, na mimi sitajua tena ni saa ya kuamka.

Kwa heshima,
Sheila

*

Gakindu
Jumatano, 17 Aprili 2024

Nduku dada yangu,

Nimejua. Usiniulize nimejuaje. Kuna mambo mtu akikaa na mwenzake ukuta mmoja wa mabati anayajua tu.

Kwanza nisamehe kwa ile barua ya Machi ya pili. Niliandika nikiwa na hasira, na wewe ulikuwa umebeba kitu kizito peke yako. Niliposikia ulianguka, niliketi pale pale kwenye gogo la mti nikashindwa kuomba. Nilisema tu jina lako.

Sasa nisikilize. Nimemuuliza mchungaji wetu, bila kutaja mtu. Amesema Mungu hamdai mgonjwa kufunga. Lakini nakujua wewe, Mkamba mgumu, hilo halitakutosha. Utasema neno ulilitamka na neno halirudi. Sawa. Mimi pia siamini neno la namna hiyo linatupwa tu.

Unakumbuka ule mtungi wa maji? Bomba likikauka Majengo tulikuwa tunashuka hadi mtoni, mtungi mmoja mkubwa, kwa sababu wa pili ulikuwa na ufa. Ukichoka wewe, nashika mimi. Hatukuwa tunauweka chini, maji yangemwagika. Ulikuwa unapita tu kutoka mgongo wako kwenda wangu, na hakuna mtu nyumbani aliyeuliza ni nani aliyeyabeba. Maji yalikuwa maji.

Basi Jumapili nilibaki kanisani watu wakitoka. Nikamwambia Mungu: Nduku amechoka, nipe mimi. Kuanzia leo mimi Watiri sitaonja ovakado, si ya mti wetu, si ya mtu mwingine, hata kipande kwenye kachumbari ya harusi, mpaka mtoto huyo tunayemjua apatikane. Nadhiri haijavunjika, haijagusa chini hata. Imehamia mgongo mwingine. Kwa hivyo sasa ukikataa kula utakuwa unabeba mtungi usiokuwa nao, na mimi nitakuwa nabeba bure. Watu wawili wakifungia jambo moja, huyo mmoja akifa kwa presha, utukufu uko wapi?

Unajua ninavyopenda ovakado. Peterson ameniuliza mara mbili kama ni mgonjwa. Nikamwambia meno yananiuma. Mungu anisamehe, wewe ndiye umenifundisha kusema uongo wa namna hii.

Na habari ya mwisho. Mti haukuisha. Sikukuambia kwa sababu ya hasira. Fundi akipandikiza haukati wote, anaacha tawi moja na majani yake, linaulisha mti mpaka vile vipya vishike. Baadaye linaondolewa nalo. Lililobaki ni lile la upande wa jikoni, linalogonga paa usiku upepo ukivuma. Liko na matunda. Juzi nilimpeleka Peterson pale chini nikamweleza habari ya mkebe, na koti la Oloo, na Chris na masikio ya kijani. Hakuwa anajua. Nilidhani nilishamwambia, kumbe ni wewe tu tunaambiana. Akaenda akachukua rangi aliyobakisha ya lango, akapaka tawi mstari mweupe ili fundi asilikosee. Akasema, "Hili ni la Mama Chris. Hass watachukua hayo mengine."

Zikikomaa nitatuma. Utazila.

Watiri

*

Kerugoya
Jumamosi, 1 Juni 2024

Mpendwa Mama Peterson,

Bwana asifiwe tena na tena.

Nilikaa na barua yako siku nyingi kabla ya kujibu, utanivumilia. Kwanza nilikasirika. Nilisema, huyu mwanamke hata mambo yangu na Mungu ameingia bila kubisha hodi. Halafu nikakumbuka kwamba hata Majengo hukuwahi kubisha hodi. Ulikuwa unaingia na kijiko tayari mkononi.

Katoni ilipofika sikuzigusa. Nilizifukia kwenye unga kama ulivyoagiza na nikazibonyeza kila saa, siwezi kukuficha. Jumatano moja, ovakado ya kwanza ikakubali kidole. Nilimwita Sheila. Nikaikata mbele yake, nikampa nusu, nikabaki na nusu, na sikueleza kitu. Yeye pia hakuuliza kitu. Tulikula kwa kijiko, tumesimama, kama watu wanaoiba. Mama Peterson, nilikuwa nimesahau. Si tamu kama sukari, sijui niseme ni tamu kama nini. Nilionja chumba chetu cha Majengo. Nilimwona Oloo mlangoni na koti limelowa, pua juu, anatafuta harufu ya chakula. Nikaanza kulia na Sheila naye akaanza, na Chris akaingia akatukuta na midomo ya kijani, akarudi nje.

Kliniki wamenipima mara mbili, presha imeanza kushuka. Chupa hatununui tena. Sheila anaponda ovakado kidogo, anakamua ndimu, anakatakata dania na kitunguu, anaiweka juu ya kabeji. Anaiita sosi ya Gakindu. Ukija utaionja. Hapana, nimekosea, hutaionja. Utaitazama tu. Nisamehe kwa kucheka.

Mwambie Peterson nimemwombea kwa jina. Mwambie mstari mweupe nimeuona ingawa sijauona.

Sheila hajaniambia lolote na mimi sitazami tumbo la mtu. Likija litakuja.

Lakini kuna jambo nataka kukuuliza wewe, kwa sababu limenishinda. Leo alfajiri niliomba kama kawaida yangu, kimya kimya, moyoni, nisiamshe mtu. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yako. Nilimwambia, "Watiri amebeba muda mrefu sasa, na ninajua roho yake inavyopenda hilo tunda. Fanya haraka, Baba, umwonee huruma." Nikasema Amina, nikafungua macho. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Sheila alikuwa pale jikoni amenipa ubavu, anawasha jiko, na nikaona midomo yake, vizuri kabisa, nayo inasema Amina.

Sijui alikuwa anamjibu nani.

Ni mimi dada yako,
Nduku